Mpichi wa Mama na Mbuzi wa Bibi

Nikisugua jani la mpichi kati ya vidole, ile harufu yake chungu yenye utamu kwa ndani inanirudisha uwanjani kwetu, kijiji kidogo cha upande wa Ikungi. Nimesimama juu ya jiwe, sina nguo, upepo wa kiangazi unanichapa, meno yanagongana. Mama alikuwa akiniogesha pale pale kwenye shina la mti wake. Maji yalikuwa shida. Tulikwenda kuyachota kwenye visima vya mchanga mtoni, tukipanga foleni na ng'ombe, na Mama hakukubali hata kata moja iende bure. "Geuka huku," alikuwa akiniambia, "huku mizizi imekauka." Wallahi, mpaka leo sijui kama alikuwa ananiogesha mimi au anaumwagilia mti.

Mama alizaliwa Lushoto, milimani, kwenye ukungu na mapichi na maplamu. Baba, Mnyaturu, alikwenda kukata mkonge huko Tanga kama vijana wengi wa kwetu zamani hizo, akarudi na mke. Mke akaja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kokwa za pichi alizozifunga kwenye kitambaa chenye mchanga mbichi. Moja tu ndiyo iliyoota. Watu wa kwetu waliijua miti ya kivuli, ya kuni na ya kujengea. Mti wa kulelewa kama mtoto mchanga walikuwa hawajauona. Walikuja kuutazama wakacheka sana. Bibi, mama yake Baba, hakucheka. "Ng'ombe wanalamba matope," alisema, "huyu ananywesha fimbo!" Mti ulikua haraka, ukanipita kimo, majani mengi ajabu, lakini ua hata moja hakuna. Mama alinieleza kwamba kwao baridi hupukutisha majani yote, mti ukalala, na ukiamka huchanua. Kwetu asubuhi za Juni zilikuwa na baridi ya kutosha kunitoa machozi, lakini ikifika saa nne jua limeshawaka, na mti unaendelea kuvaa majani yake tu. Haulali, nami silali.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutolala. Siku moja Mama na Bibi walizozana kuhusu maji, kama kawaida yao, na Baba aliporudi malishoni Mama alimwambia bila kupaza sauti: "Mti huu ukizaa, nitajua hata mimi naweza kuishi huku. Ukifa, Baba Halima, usinitafute." Baba akacheka, akasema mkewe ana maneno. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nikawa mlinzi. Nikitoka shule nilikimbia njia nzima, daftari kifuani, kwanza niuone mti, halafu niingie ndani niinamie uvunguni nione kama sanduku la bati lipo. Nikilikuta nilishusha pumzi. Baada ya muda mfupi nilirudi kulitazama tena.

Sasa, kwetu mtama na uwele ukishaingia ndani, shamba halina mwenyewe. Mifugo ya kila mtu huachiwa, ikala mabua popote yalipo, na hakuna wa kumlaumu mwenzake, ndivyo tulivyolelewa. Kule kwa Mama mbuzi hufungwa nyumbani akakatiwa majani. Mama aliuzungushia mti wake miiba akadhani imetosha. Hakumjua beberu wa Bibi. Mwaka ule, muda mfupi baada ya mavuno, nilirudi kutoka shule nikakuta miiba imelala chini na mti umesimama mtupu, bila jani hata la dawa. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe langu la kuogea. Bibi alisimama akiirudisha miiba kwa ncha ya fimbo yake. Mwishowe akanung'unika, "Ni mbuzi. Nitamwambia nini mbuzi?"

Mama aliinuka, akaingia ndani. Nikasikia bati linakwaruza sakafu. Jamani, sauti ile! Nilimkuta amelivuta sanduku katikati ya chumba, nikalikalia. "Toka hapo," akasema. Nikamwambia sitoki. Kisha akasema kwa upole ulioniogopesha kuliko kofi, "Uwele ukishapepetwa wote, nitakwenda kwetu kuwasalimia." Nilijua salamu za namna hiyo hazina kurudi. Basi nikawa nautazama uwele kwa chuki. Mama alipepeta kila siku, chungu cha uwele kikapungua, na mimi moyo ulinidunda kila niliposikia ungo.

Uwele ulikuwa bado haujaisha asubuhi ile Bibi alipopiga ukelele uwanjani. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza, akafungua zizi. "Mama Halima! Mama Halima ee! Njoo uone, mti wako umeota upele!" Mama alitoka mbio bila kujifunga kilemba. Matawi yote makavu yalikuwa yamejaa vijipu vyekundu, na kimoja kilikuwa kimeshafunguka, ua la rangi ya waridi, laini, halifanani na kitu chochote cha pale kwetu. Mama aliligusa, akautazama mti, akamtazama beberu aliyekuwa akijikuna kwenye ukuta wa tembe, nyumba yetu ya udongo. Akaelewa. Akaanza kucheka. "Mama," akamwambia Bibi, "huyu mbuzi wako ndiye baridi ya kwetu!" Bibi hakuelewa, lakini alicheka naye, na mimi nililia kwa furaha nikaambiwa niache uchuro.

Furaha haikukaa. Maua yalipokwisha pukutika na vitunda kuanza kuonekana, balozi wetu wa nyumba kumi alipita akitangaza kwamba kabla ya mvua wote tuwe tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara kuu. Watu walianza kubomoa tembe zao, nguzo zikapakiwa, kuku wakafungwa miguu. Baba alichukua jembe, akaenda kuuchimba mti aubebe. Mama alisimama mbele yake. "Ukiung'oa sasa utaangusha kila kitu. Ukiung'oa, unaniambia nifunge mizigo." Baba akaliweka jembe chini. Tukahama, mti tukauacha peke yake kwenye uwanja wa nyumba isiyo na paa.

Kule kijijini nyumba zilipangwa mistari, shule ilikuwa karibu, na watu walizoea haraka. Sisi hatukutulia. Kila alfajiri Mama alijitwika debe la maji, mimi kibuyu, tukarudi kwenye mahame, kule tulikohama, na wale tuliopishana nao njiani walituuliza tunahama kinyumenyume? Bibi alikuwa ameshatoka na mbuzi wake. Tulipofika tulikuta uzio wa mti una miiba mipya, na mbuzi wake, aliowachunga upande huo, amewafunga mbali kwenye mti mwingine. Mama akichelewa kuondoka, Bibi ndiye aliyemuuliza, "Leo watu hawaendi kwa fimbo yao?"

Ndege walikula mapichi mengi. Mvua zilipoanza, yalibaki machache, madogo, na shavu moja jekundu. Mama aliuma la kwanza akiwa amesimama pale pale kwenye shina, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Kali," akasema, machozi yakimtoka, "kali kabisa." Jingine alimpelekea Bibi, akalishika kwa mikono miwili na kupiga goti. Bibi akauma, akakunja uso. "Ukali huu ndio uliokuwa unakuliza miaka yote?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilimwona anazika kokwa nyuma ya nyumba yetu mpya, na sanduku la bati likawa la kuwekea unga.

Siku hizi naishi Mwankoko, pembeni mwa mji. Maji nafungulia bomba, na miche ya pichi, tufaha na peasi inauzwa kwenye viriba, imeshabebeshwa tayari, kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, muuzaji akikuapia kwamba itazaa popote. Labda. Kabla Mama hajafariki nilimuuliza, nikidhani tutacheka, kama kweli angeondoka. Akajibu, "Ningeondoka." Nikamuuliza, na mimi je? "Wewe ungebaki. Wewe ni mtoto wa kwa baba yako, ningekuchukuaje?" Basi kila kiangazi natoka uani, nashika mpichi wangu tawi baada ya tawi, napukutisha majani yote kwa mikono hii mpaka inanuka ile harufu chungu. Majirani hunicheka; wanasema mama mtu mzima ana vidole vya mbuzi. Wacheke. Mimi bado silali mpaka nione ua la kwanza.