Cherehani Aenda Kujisemea

"Hivi wewe, siku nyumba yako ikishika moto, utapiga kelele mwenyewe au utatafuta mtu wa kukupigia?"

Jirani yake alimuuliza hivyo bombani, baada ya mtu kuisukuma ndoo yake nyuma ya foleni na yeye akakimbia kumwita jirani huyo aje amsemee. Waliokuwa wakichota maji walicheka. Yeye pia alicheka, kwa adabu, akawa anaihamisha ndoo mkono huu na mkono ule. Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kila akimeza mate analisikia.

Kazini walimwita Cherehani. Hakuwa fundi wa nguo, alikuwa dobi wa hospitali. Jina hilo lilitokana na mguu wake wa kulia ambao, akikaa tu, ulianza kukanyaga sakafu kana kwamba kuna gauni la harusi linasubiriwa.

"Cherehani, punguza mwendo, uzi utakatika!" wenzake walimtania. Aliukamata mguu kwa mkono, ukatulia kidogo, kisha ukaendelea na safari yake.

Mikono Mungu alimjalia. Shuka lililopita mikononi mwake lilitoka limenyooka hata ungeona haya kulilalia. Ulimi nao alikuwa nao mzima, ila tangu utotoni alizoea kuazima wa wengine. Nyumbani dada yake mkubwa ndiye aliyemwambia baba kwamba mdogo wake viatu vimembana. Shuleni mwenzake wa dawati alimjibia mwalimu. Alipoolewa, dada wa mumewe akaipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Wifi huyu aliuza mitumba sokoni, na sauti yake ilisikika kabla hujaliona genge lake. Hata kwa Mwenyezi Mungu ilikuwa hivyo hivyo. Cherehani aliomba kila alfajiri, lakini hakukosa kuwaambia watu, "Niombeeni na ninyi," kama mtu anayedhani sauti yake peke yake haifiki mbali.

Mumewe alipofariki, wifi hakumtupa. Yeye ndiye aliyekwenda hospitali kumwombea kibarua, akakipata. Ila kibarua ni kibarua. Kila asubuhi walisimama mbele ya chumba cha kufulia wasikie nani abaki na nani arudi nyumbani. Cherehani hakuwahi kuzoea kusimama pale.

Ndipo hospitali ikatangaza kwamba inaajiri madobi wa kudumu. Moyo ulimruka, halafu ukaanguka, kwa sababu walioajiriwa hupangwa pia zamu za usiku. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, ambaye akili zilikuwa zimeanza kupotea njia. Mchana jirani alimtazama. Usiku mama huyo aliamka akafungua mlango kwenda kuitafuta nyumba ya baba yake, nyumba iliyobomolewa zamani. Wakati mmoja walimkuta barabara kuu. Tangu hapo Cherehani alitandika mkeka wake palepale mlangoni, ili mama akitaka kutoka amkanyage kwanza.

Siku ya usaili wifi alivaa vizuri kuliko yeye.

"Na huyu ni nani?" aliuliza bwana wa ajira walipoingia ofisini.

"Wifi yake, nimemsindikiza," wifi akajibu, na alikuwa ameshakaa.

"Mama, hapa hatujaja kuposa."

"Najua, baba. Lakini huyu ukimwacha peke yake mtatazamana mpaka jioni."

Metroni, mkuu wa wauguzi, aliyekuwa akinunua magauni kwa wifi huyo, alicheka, akamwacha. Akamgeukia Cherehani. "Haya, tueleze kazi unayofanya hapa."

Cherehani akafungua mdomo.

"Anafua, anapiga pasi, anakunja!" wifi akadakia. "Tena hajagombana na mtu tangu azaliwe. Hata kuku wa watu hawezi kumfukuza kwa sauti."

"Na zamu za usiku?" akauliza bwana wa ajira.

"Usiku, mchana, sikukuu, mpangeni mnavyotaka! Hana mtoto mdogo, hana mume, hana shida yoyote."

Kalamu ya bwana yule ikaandika. Metroni akamtazama Cherehani. "Ndivyo?"

Chini ya meza mguu ulikuwa unakimbia. Cherehani alimwona mama yake akifungua mlango gizani bila kumkanyaga mtu. Akasema, "Kama alivyosema wifi."

Wakaambiwa majina yatabandikwa kabla ya watu kutoka kazini.

"Umepita!" wifi akamkumbatia nje. "Umemwona alivyoandika?"

"Wifi, umemsahau mama."

"Sijamsahau. Lakini ukiingia na masharti, watampa mwingine. Ingia kwanza, mengine tutayarekebisha ukiwa ndani."

"Nani atayarekebisha?"

"Si mimi nitakuja kuongea nao!"

"Basi rudi uongee sasa."

"Sasa hivi? Niwaambie nilikuwa nawadanganya? Watanionaje, jamani!"

Wifi hakuwa na nia mbaya, Mungu ni shahidi. Alikuwa amemwona Cherehani akirudishwa nyumbani asubuhi nyingi mno, akaogopa mlango ule usifungwe tena.

Cherehani akarudi kufulia, lakini alirudi mwili tu. Alikunja foronya akazipanga kwenye rafu ya mashuka, akazitoa, akazirudisha palepale. Akaiwasha pasi, akaenda dirishani, akarudi kuizima.

"Cherehani, leo unashona suti?" mwenzake akamwuliza. Hakucheka.

Kichwani alikuwa akimtafuta mtu wa kumtuma. Jirani? Alikuwa nyumbani akimtazama mama. Mwenzake wa pasi? Naye alikuwa ameomba nafasi hiyohiyo. Akapanda ngazi mpaka mlango wa ofisi, akausoma ule ubao wa jina kama mgeni, akashuka. Akapanda tena, akasikia watu wakiongea ndani, akashuka. Wifi alikuwa sahihi kwa jambo moja: akisema, huenda akaikosa kazi. Asiposema, ataipata, na usiku mlango wa nyumba yake utabaki bila mtu. Aliligeuza huku na huku, halikuwa na upande laini wa kushika.

Katikati ya ngazi akasimama akaomba. Neno fupi tu, na safari hii hakumwambia yeyote amwombee.

Wifi, aliyekuwa kwenye benchi la ukumbini akisubiri majina, alimwona akipita akainuka na pochi yake. "Unakwenda kwao? Ngoja, twende wote."

"Wifi yangu, kaa. Nakuheshimu na unajua. Nisubiri hapa."

"Mimi? Nisubiri?"

"Ndiyo, wifi."

Wifi akakaa, akaikumbatia pochi, macho yamemtoka kama aliyeona jiwe likitembea.

Ofisini Metroni aliinua uso. "Umesahau kitu?"

"Hapana. Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Uliniamkia asubuhi."

Cherehani akakaa, akaanzia mbali. Akaeleza marehemu mumewe alivyougua, akaeleza wema wa wifi, akaomba asije akaeleweka vibaya juu ya wifi, akaeleza tena wema wa wifi. Bwana wa ajira aliitazama saa yake, akaanza kukusanya makaratasi. Karatasi ya majina ilikuwa hapo mezani na gundi pembeni yake. Kadiri alivyoiona, ndivyo maneno yalivyozidi kukimbilia kusikokuwa na kitu.

Metroni akaweka kalamu chini. "Dada, nakusikia, lakini mpaka sasa sijui unataka nini. Hebu anzia mwisho."

"Nianzie mwisho?"

"Anza na unachoomba. Hayo mengine nikiyahitaji nitakuuliza."

Bwana wa ajira alikuwa ameshasimama na karatasi mkononi. Cherehani naye akasimama. Mguu ulikuwa unatwanga sakafu mpaka kiti kinacheza, naye hakuushika.

"Naomba kazi ya udobi," alisema, "na naomba zamu ya mchana tu. Usiku nalala na mama yangu mgonjwa."