Mikono ya Wenye Sombe

Ukitaka kumuudhi Florentine, mwambie sombe yake haikutwangwa ikalainika. Miaka kumi na tisa anatwanga majani ya muhogo karibu na mwalo wa wavuvi wa mji wa Baraka, yeye na shoga yake Clarisse, kinu kimoja, michi miwili. Mmoja akichoka, mwingine anaingia bila pigo kukosekana. Kinu hicho kikinyamaza asubuhi, majirani huulizana nani amekufa.

Mwaka jana waganga wa hospitali walikuja kufundisha watu wa mwaloni namna ya kumwamsha mtu ambaye moyo wake umesimama. Wavuvi walicheka, wakaenda zao. Florentine alibaki siku mbili nzima, akikandamiza kifua cha mdoli wa mpira, hadi mwalimu akamuuliza mpigo ule alijifunzia wapi. Aliporudi nyumbani, mume wake Darius akamtangaza mtaa mzima: "Bibi yangu amekuwa muganga ya midoli!" Florentine akarudi kwenye kinu chake.

Basi, asubuhi moja upepo ulipindua mtumbwi wa Isidore karibu kabisa na nchi kavu. Walipomtoa majini alikuwa hapumui. Watu wakafanya kama babu zao: wakamlaza kifudifudi juu ya tumbo la mtumbwi, wakamtikisa maji yatoke. Maji yalitoka kidogo, lakini pumzi haikurudi. Mama yake, Dorothée, alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni, ameanza kilio.

Florentine alifika mbio, mikono ingali ya kijani, Clarisse nyuma yake.

"Mumushushe! Mumulalishe chali, hapa ku mbao ya ndagala! Si ku muchanga, muchanga inameza nguvu!"

Acha wewe, ukali wa mama yule! Hata waliotaka kubisha walijikuta wamembeba hadi kwenye mbao ya kuanikia dagaa. Akainua kidevu cha Isidore, akambana pua, akampulizia mdomoni pumzi tano, kifua kikapanda. Kisha akaweka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, akaanza kukandamiza. Kwa nguvu, haraka, akikiacha kifua kirudi juu kila mara. Thelathini, pumzi mbili, tena thelathini. Kitu kikalia ko! mbavuni.

"Unamuvunja mutoto yangu!" Dorothée akamrukia, akampiga kofi la shavu mbele ya watu wote. Liliuma, tena sana. Machozi yalimtoka Florentine, lakini hesabu haikupotea: kumi na saba, kumi na nane.

Mikono ya Florentine ikaanza kuchoka. Wale waliokimbia mafunzo walikuwa wamesimama tu, macho kodo.

"Clarisse! Ingia!"

Clarisse hakuwahi kumgusa mdoli. Alipiga magoti upande wa pili, akatazama mikono ilivyokaa, na Florentine alipoondoa yake, ya Clarisse ikaingia. Pigo halikukosekana.

"Shuka chini zaidi! Acha kifua kirudi!" Florentine akaamuru.

Walipokezana hivyo mara nne, mara tano, jasho likiwadondoka. Ndipo Isidore akakohoa. Akatapika maji, akavuta pumzi yenye mkoromo mbaya, na Florentine akacheka kwa sauti kama mwenda wazimu. Walimgeuza ubavu, wakampeleka hospitali.

Wiki tatu baadaye Isidore alifika penye kinu, mkono kifuani.

"Mama Florentine, ule ubavu ingali inaniuma."

"Mungu asifiwe," akajibu bila kuacha kutwanga. "Wafu habaumwake ubavu."

Nyuma yake alikuwa Dorothée. Hakusema asante wala samahani. Alipiga magoti chini, akavua kitenge cha juu, akakikunja kikawa kinene kama mto, akakiweka mbele ya Florentine.

"Nionyeshe," alisema. "Mikono inakaaka wapi?"

Florentine akaweka mchi chini. Clarisse naye. Kinu kikanyamaza, na hakuna aliyekufa.