Kwikwi ya Mwenyekiti

Kabla sijafundishwa kuandika programu za kompyuta, nilikuwa nimeshatunga lugha moja, nayo ilikuwa ya filimbi. Enzi za Ujamaa, kila Jumapili tulitoka Ukonga kwenda Chanika kulima shamba la pamoja la mihogo. Mwenyekiti wetu aliniomba nimtungie amri zisizo na utata. Nikaamua mlio mrefu uwe "limeni", na mfupi "pumzikeni". Wote wakakubali.

Jumapili moja kwikwi ikamshika mwenyekiti, filimbi ikiwa mdomoni. Ikatoa mlio mfupi, tukakaa. Akapuliza mlio mrefu, tukainuka. Kwikwi tena, tukakaa.

"Nani kawaambia mkae?" akafoka.

"Wewe, baba," akajibu mama mmoja muuza vitumbua, keshanyoosha miguu. "Filimbi imesema."

"Ile kwikwi! Sikukusudia!"

Wote wakanigeukia mie mtunzi. Nikatamka kwa uzito kwamba kanuni inasikiliza mlio, haiulizi nia ya mpulizaji. Watu wakapiga makofi palepale walipokaa.

Mwenyekiti akacheka mpaka kwikwi ikakatika. Akatia filimbi mfukoni, akashika jembe, akapaza sauti: "Haya, limeni!"

Tukainuka kulima, isipokuwa mama wa vitumbua. Alidai neno la mdomo halimo kwenye lugha ya filimbi.