Macho ya Mama Zuhura

Nilipokuwa mtoto, watu walikatazwa kunitazama nikila. Aliyeweka marufuku hiyo ni Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, na hakuwa mtu wa kutoa amri kisha akaisahau. Mgeni akibisha hodi wakati wa chakula, sahani yangu ilifunikwa kwa ungo, nami nikasukumwa jikoni nikamalizie huko nikiwa nimeupa mlango mgongo. Wajukuu wengine walikula sinia moja, wakigombania mchuzi na kutazamana midomoni bila hofu. Mimi nilikula na kuku wake, na sitasema uongo, nilijiona mtu mkubwa.

Kilichonifanya nifichwe ni ngozi. Mimi na mama tulikaa Kitale, kwenye nyumba za kupanga karibu na msikiti, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili. Nilipokuwa na miaka kama saba nilianza kutokwa na vilengelenge vidogo viwikoni, magotini na matakoni, kulia na kushoto sawasawa, utadhani mtu amevipanga. Viliwasha. Nimeandika "viliwasha" na naona neno lenyewe halitoshi. Kabla hata havijajitokeza, mahali vitakapotokea palikuwa pakichoma kwa chini, nami nilijikuna mpaka sare ya shule ikashikana na damu. Tumbo nalo lilivimba na miguu ikabaki mifupa. Darasani nilikalishwa dawati la nyuma peke yangu, maana wazazi wa wenzangu walisema nina upele na nitawaambukiza watoto wao.

Mama alihangaika nami kila mahali. Tulipewa dawa ya upele ya kupaka, blanketi zote zikachemshwa, nikameza dawa za minyoo hadi nadhani minyoo ya mtaa mzima ilihama. Vilengelenge vilikauka vikaacha madoa, kisha vikarudi.

Mama alikuwa karani katika ofisi ya serikali na alitoka kazini jioni. Kwa hiyo mimi nikitoka shule nilishinda kwa jirani yetu, Mama Zuhura. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya juu, na binti yake huyo Zuhura alikuwa ameolewa mbali. Alipika chapati na mandazi kibarazani kwake na nusu ya mtaa ilikula mikononi mwake. Chapati yangu ilikuwa ile ya kwanza kutoka kikaangoni. Alinipa, akavuta kibao, akakaa mbele yangu na unga ukiwa bado umemganda vidoleni.

"Kula, mwanangu, nikuone," alisema.

Na kweli aliniona. Mtoto mgonjwa hujua macho ya watu kuliko mtoto mzima. Wengine walinitazama kwa huruma, wengine kwa kinyaa. Mama Zuhura alinitazama kwa raha tu, kama mtu anayeota moto siku ya mvua. Nilikuwa naomba chapati ya pili hata nikiwa nimeshiba, ili aendelee kukaa pale.

Kukhu alitutembelea kutoka Myanga, huko Bungoma, akiwa na jogoo na unga wa wimbi. Alinikuta kibarazani kwa Mama Zuhura nikila huku natazamwa. Alirudi alasiri iliyofuata, na nyingine tena, akasimama kando akiangalia. Kabla ya Jumapili viwiko vyangu vilikuwa vimefura upya, na Kukhu akawa amepata jibu lake.

"Huyu mama anaangalia mutoto mpaka chakura inafika tumboni," alimwambia mama. "Ako na macho."

Kwetu, mtu kuwa na macho si sawa na kuwa mchawi. Ni jambo la kuzaliwa nalo, na mwenyewe huenda hata hajui. Anamtazama mtoto akila, anampenda, anatamani kitu fulani kwake, na mtoto anatokwa na vipele au anaumwa na tumbo. Tiba yake lazima itoke kwake huyo huyo. Anaendewa kwa heshima, anaombwa achukue maji mdomoni na kumpulizia mtoto kifuani, huku akimtakia mema. Hakuna anayemlaumu kwa maneno. Lakini akikubali kupuliza, kila aliyepo anajua amekubali nini.

"Mama, mimi siwezi," mama yangu alisema. "Si huyu ndiye ananilelea mtoto? Nitamwambia nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Mimi nitamuomba."

Akaenda kumwomba Jumamosi asubuhi, saa ambayo wateja wamejaa. Kukhu alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akanishika mkono, na mkono mwingine ukabeba kikombe cha maji. Mama alitufuata nyuma akitazama viatu vyake. Salamu zilikuwa ndefu. Waliulizana habari za mvua, za mahindi, za Zuhura na mumewe. Kisha Kukhu akakinyanyua kile kikombe.

"Mama Zuhura, sijakuja na ubaya. Mutoto anaumwa, usiku harari. Nimekuja kukuomba maji."

Mama Zuhura alikulia Kitale katikati ya watu wa Bungoma. Alielewa mara moja, na wateja pia wakaelewa, maana waliacha kutafuna.

"Mimi, Bibi?" aliuliza. Sauti yake yote ile ya juu ilikuwa imeisha.

"Si wewe, mama. Ni macho tu. Macho haina mwenyewe."

Alikuwa na haki ya kutufukuza. Angeweza kusema dini yake hairuhusu mambo hayo, na angekuwa amesema kweli. Biashara yake yote ilikuwa kuwapa watu chakula na kuwaona wakila, na sasa anaambiwa macho yake yanaharibu chakula tumboni. Aliangalia viwiko vyangu. Aliangalia magoti. Nakumbuka alifuta mikono kwenye leso polepole sana.

"Kama ni maji yatamponya," alisema, "mtoto apewe maji."

Akanywa funda moja, akanipulizia kifuani. Maji yalikuwa baridi na nikaruka. "Nilichokiona ni kizuri," alisema, "na Mwenyezi Mungu akuponye." Nyuma yake chapati ikaungua kikaangoni, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa Mama Zuhura.

Ili dawa ikolee, Kukhu alinichukua Myanga na nikahamishiwa shule ya huko. Mwaka ule nilikula ugali wa wimbi na mtama, viazi vitamu, ndizi za kupika, kunde na maharagwe, vyote vya shamba lake na vya mkono wake. Ngano aliihesabu kuwa chakula cha madukani na hakuwa na haja nayo. Nilikatazwa kuonja kitu kwa jirani, kanisani au matangani. Krismasi watoto walipogawiwa chapati, mimi nilipewa kuku wa kuchemsha na nikaambiwa nile nimewapa wenzangu mgongo.

Nilipona. Ilikuwa polepole, lakini nilipona. Tumbo lilishuka, miguu ikapata nyama, na mwisho ngozi nayo ikatulia, hata nikaweza kuegemea viwiko kwenye dawati. Kukhu alinipitisha kanisani nikiwa na mikono wazi ili aonyeshe watu. "Si niliwaambia?" alisema, na akina mama wakaitikia kwa vichwa.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Kadiri nilivyonawiri, ndivyo kesi ya Mama Zuhura ilivyozidi kuwa mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa ushahidi, na ushahidi ulikuwa unanenepa. Niliporudishwa Kitale nilikuta akina mama wanafunika vyakula vya watoto anapopita. Watu wazima waliendelea kununua kwake, ila walikula wakienda.

Nilimkimbilia siku ile ile. Alinikumbatia, akanizungusha, akanipa chapati. Kisha akageukia ukuta.

"Kula, mwanangu," alisema kwa ukuta. "Mimi sioni."

Nikala nyuma ya mgongo wake, siku ile na siku zilizofuata. Hakugeuka hata mara moja, naapa. Vilengelenge vikarudi pale pale pa zamani. Kukhu alipopata habari alisema lazima alinichungulia. Nikasema hakunichungulia, nikalia, nikaambiwa mtoto hawezi kujua. Mama Zuhura mwenyewe alipoona viwiko vyangu alimwambia mama, "Labda hata kisogo changu kina macho," na hakucheka. Tangu hapo hakunipa tena chochote cha kula. Nilipita kwake nikitoka shule, ananisalimu vizuri, anauliza masomo, na mikono yake inabaki kwenye unga.

Ugonjwa ulinifuata sekondari, ukanifuata kazini Eldoret, unakuja na kuondoka utakavyo. Nilishazoea kuvaa mikono mirefu. Hatimaye nilimpata daktari wa ngozi, mwanamke mtaratibu, ambaye hakuuliza nani ananitazama wala napaka nini. Aliuliza nakula nini. Akatoa kipande kidogo cha ngozi kando ya vipele, akapima na damu. Majibu yaliporudi alinieleza kwamba nina ugonjwa wa siliaki. Nikila ngano, shayiri na jamaa zake, mwili wangu unaipiga vita gluteni iliyomo, na katika vita hiyo unaumiza utumbo wangu wenyewe. Kwa watu wengine, mimi nikiwamo, vita hiyo hutokeza pia kwenye ngozi.

"Kwa hiyo chapati?" niliuliza.

"Chapati, mandazi, mkate. Maisha yako yote."

Nilicheka kwa sauti pale kwenye kiti. Halafu nikalia, na daktari akadhani nalilia chapati.

Alinipa vidonge vya kutuliza mwasho, lakini akasema kazi kubwa itafanyika jikoni. Sasa nina sufuria zangu na mwiko wangu, na asiyenijua anadhani nina kiburi. Unga wa uji wa mchanganyiko siununui bila kujua umetiwa nini. Kwenye harusi nabeba chakula changu kwenye mkebe, na hakuna harusi isiyokuwa na shangazi wa kunisukumia sahani akisema, "Ati kidogo tu, bana, kidogo haiwezi kukuua." Siwezi kumweleza shangazi kila kitu foleni ikiwa nyuma yetu. Nafunika mkebe wangu, nakaa pembeni, nala nimewapa watu mgongo. Siku moja niligundua naishi sheria za Kukhu moja baada ya nyingine, na yeye amelala kaburini Myanga bila kujua alivyonitibu. Aliona sawasawa kwamba ugonjwa wangu unatoka kibarazani kwa Mama Zuhura. Alitazama macho, hakutazama mkono. Simlaumu, na ninamkumbuka kila ninaposonga wimbi.

Lakini kulikuwa na mtu aliye hai ambaye alikuwa bado anabeba jina nililomwachia.

Nilimkuta Mama Zuhura nyumba ile ile, amepungua, hapiki tena kwa biashara. Nilikaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini maneno yalitoka ovyo.

"Mama, hayakuwa macho yako. Ilikuwa ngano."

"Ngano?"

"Unga wa chapati. Mwili wangu hauutaki. Hata ningekula gizani ningeugua."

Aliviangalia viganja vyake. "Unga niliokanda mimi," alisema.

"Ndiyo, Mama, lakini..."

"Basi bado ni mimi."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akajiziba mdomo kwa leso, na nikaona anacheka, anacheka mpaka machozi. Alicheka akanipiga paja. Halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Wajukuu zangu wakija likizo," alisema, "nawapakulia natoka nje. Wao hunidhani ni mkali. Miaka yote hii, Nekesa. Sijamwona mtoto akila."

Nilimshika mikono. Nilitaka Kukhu awe pale asikie, na nilishukuru pia kwamba hayupo.

Baadaye alijifuta uso na kuuliza, kwa sauti yake ile ya zamani, "Mchele je?"

"Mchele nakula."

"Basi rudi kesho."

Niliporudi alikuwa ameoka mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, unanukia iliki hadi mlangoni. Alikuwa amenunua sufuria mpya, na alinionyesha karatasi ya dukani iliyokuwa bado imebandikwa chini yake nisije nikawa na wasiwasi. Hamira aliniletea nisome pakiti. Akanikatia kipande kikubwa, akaniwekea mbele yangu. Kisha, bila hata kufikiri, akageukia ukuta.

Sikula. Nilingoja.

"Mbona siskii kitu?" aliuliza ukuta. "Si tamu?"

"Nakungoja wewe, Mama."

Aligeuka polepole, kwanza bega, kisha uso, na macho yake akayaweka mkekani, kisha kwenye sahani, kisha kwangu. Nikauma kipande. Nikauma kingine. Alinitazama mpaka sahani ikabaki nyeupe, na midomo yake ilikuwa inatafuna nami.

Nikarudi Eldoret, na wiki nzima nilikagua viwiko vyangu kila asubuhi mbele ya dirisha. Wiki ilipoisha nilimpigia simu.

"Hakuna kitu, Mama," nilimwambia. "Viwiko vyote viwili ni safi."

Nilisikia anavuta kibao.

"Basi njoo tena," alisema, "nikuone ukila."