Presha ya Oili Haisomwi Asubuhi

Huko Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, hakuna mtu mwenye akili timamu anayenunua lori kuukuu la dizeli kabla Nduta hajalitia mkono. Mafundi ni wengi, tena wengine wana gereji za mabati mapya. Lakini ukitaka kujua kama injini itakulisha au itakufilisi, unampelekea huyo Nduta, au Mama Kagure kama wengi wanavyomwita, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye ovaroli ya buluu na ulimi usio na breki.

Kazi hiyo hakuisomea chuo chochote. Alifundishwa na hasira.

Miaka tisa iliyopita alikuwa muuzaji wa ndizi za Mukurweini, akanunua lori kwa dalali mmoja aitwaye Moffat. Moffat alilileta asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ile ya kukata masikio, akaliwasha na kumwonyesha geji ya presha. "Mama, ona! Sindano iko sitini! Hii injini itatuzika sisi wote." Nduta akaona sindano imesimama juu, akafurahi. Hakujua, masikini, kwamba oili ikiwa baridi huwa nzito, na oili nzito hupandisha presha hata kwenye injini iliyokwisha kabisa. Hakujua pia kwamba Moffat ameongeza ndani oili ya gia, nzito kama asali, ili kuficha ugonjwa. Siku ya tatu, likiwa na mzigo kwenye mlima wa Kangema, oili ikapata moto, sindano ikalala chini, na injini ikanoki, ikafa pale pale.

Lori lilimuuma, ndiyo. Lakini kilichomchoma zaidi ni maneno. Moffat alitangaza kila mahali kwamba yule mwanamke ameendesha gari bila oili, na Kingori, mume wake wa ndoa, akaamini. Akaamini! Akawasimulia wazee wa kanisa, akawasimulia wakwe, na kila mgeni aliyeletewa chai alisimuliwa: "Huyu wangu ndiye alichoma injini. Ati kuangalia oili tu ilimshinda." Wageni wanacheka, Nduta anamimina chai. Usiku analala na kinyongo chake, asubuhi anaamka nacho. Akajiapia jambo moja: siku moja Moffat atasema kwa mdomo wake mwenyewe alichofanya, na Kingori atakuwa amesimama hapo hapo akisikia.

Akaenda gereji, akaanza kwa kuosha vyuma na dizeli. Walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akaendelea, mpaka akawa ndiye anayeulizwa.

Basi mwaka huu, mwezi wa tatu, akaja Abdirashid, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki. Alitaka lori la kubebea mifugo, na aliyekuwa akimuuzia alishuka upande wa pili akivuta kofia usoni. Moffat! Nduta alimtambua kabla hajafunga mlango.

"Mama, nipimie," Abdirashid akasema. "Huyu anasema ni nzima. Lakini ikipata moto, geji ya ndani inaenda karibu sifuri. Wateja wake watatu wamekimbia."

"Ni geji tu imeharibika," Moffat akasema, jasho likimtoka. "Haki ya Mungu, safari hii nasema ukweli."

Safari hii! Nduta karibu acheke.

Hakuliwasha na kulitazama hapo hapo, kama alivyofanyiwa yeye. Alichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole: nyepesi ya kawaida, haikuongezwa kitu. Akatoa kile kidude cha umeme kinachopeleka habari kwenye geji ya ndani, akafunga mahali pake geji yake ya mkono, ile inayosukumwa na oili yenyewe. Kisha akaliendesha mpaka Mukurweini na kurudi, milima yote, mpaka injini ikapata moto sawasawa. Aliporudi aliliacha lingurume polepole bila kukanyagwa, akainama peke yake juu ya injini. Ishirini. Kwa injini ya umri ule, ikiwa moto, chini ya kumi ungeanza kulia. Akamwambia Abdirashid akanyage. Sindano ikapanda taratibu hadi arobaini na tano, ikatulia bila kutetemeka.

Lori lilikuwa zima. Mbwa yule alikuwa amesema kweli!

Neno moja tu lingemmaliza. "Imekufa," angesema, na nani angebisha? Moyo wake uliruka kwa tamaa. Lakini uongo ni kazi ya Moffat, na Nduta hakutaka kushika kazi ya mtu. Alifunika geji kwa kitambaa, akampigia simu Kingori aliyekuwa hotelini ng'ambo ya barabara. "Baba Kagure, kuja hapa saa hii."

Kingori alipofika, mafundi na madereva walikuwa wamejaa.

"Moffat," Nduta akasema, "lori ya ndizi uliniuzia, uliweka nini ndani?"

"Mama, hayo ni ya zamani. Twende kando tuongee."

"Kando ya nini? Sema hapa. Ama peleka lori yako kwa fundi mwingine."

Moffat alitazama huku na huku. Lori hilo ndilo pekee alilobakisha, na bila neno la Nduta hakuna ambaye angeligusa. "Niliweka oili ya gia," akasema polepole. "Na nikaleta asubuhi, ikiwa baridi."

"Nani alichoma injini?"

"Hakuna mtu alichoma. Ilikuwa imekwisha nikiuza."

Nduta akaondoa kitambaa. "Abdirashid, kuja uone mwenyewe. Injini iko sawa kabisa. Imeharibika geji ya ndani tu."

Moffat alishusha pumzi. Abdirashid alitazama sindano, akamtazama Moffat, akapangusa mikono.

"Asante, mama. Injini nimeona. Na kwa gia huyu ameweka nini? Kwa difu kule nyuma ameweka nini? Mimi sinunui."

Wee! Kicheko kilicholipuka hapo kilisikika mpaka sokoni. Moffat aliondoka na lori lake zima lisilotakwa na mtu, na kabla hajafika Karatina, simu zilikuwa zimeshatangulia. Nduta alisikia utamu ukimshuka mpaka miguuni. Hakumwonea huruma hata kidogo, na hakuona haya.

Kingori akamsogelea, sauti chini. "Mama Kagure, kumbe. Pole basi. Hayo yameisha, twende nyumbani."

"Yameisha wapi?" Nduta alikuwa akikunja kitambaa chake. "Jumapili, baada ya matangazo, utasimama kanisani useme vile Moffat amesema."

"Mbele ya watu wote?"

"Wewe ulinicheka mbele ya nani?"

Kingori alitafuta jicho la kumtetea katika umati ule, asilipate. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili hiyo Nduta alifika kanisani kabla ya mchungaji, akakaa benchi la mbele.