Kibaraza cha Mama Mkwe

Wenzake kazini wanamwita Milimita. Jina alilipata siku alipobomoa sakafu ya mbao, kazi ya siku nne, kwa sababu ya ufa ambao mwenye nyumba hakuuona hata alipovaa miwani. Ana mdomo, tena hajui kuufunga. Ila mbele ya mama mkwe wake huwa mpole kama maji ya mtungi.

Miaka kumi na mmoja tangu aoe, mama huyo hajamwita mwanangu hata siku moja. Humwita fundi. Wakwe wengine wawili, karani na muuza miwani, huitwa mwanangu hata wakimwaga chai kwenye kochi. Jambo hilo linamuuma Milimita rohoni, ingawa ukimuuliza atajifanya hana habari.

Basi mama alipotaka sebule iwekwe mbao ngumu, Milimita alijitolea kabla mkewe hajamaliza kusema. Yeye huanzia kwenye meko ya kuotea moto, si ukutani, maana macho ya mgeni huenda huko kwanza. Akapiga magoti, akakata kigezo cha kadibodi kuzunguka kibaraza cha mawe kilicho mbele ya meko, akaacha mwanya wa mbao kutanuka, akavuta uzi. Kibaraza kilikuwa kimepinda vidole vitatu vizima.

Kijasho kikamtoka. Kibaraza kile marehemu baba mkwe alijisifia kwa kila mgeni, na picha yake ilikuwa pale juu ya meko, inamkodolea macho. Mbao zikikifuata, chumba kizima kitaonekana kimelewa. Zikifuata ukuta, aibu itakuwa wazi. Milimita alikata kigezo cha pili, cha tatu, akijaribu kuiba nusu kidole huku na huku. Uzi ukakataa.

"We fundi, mbona unahangaika na maboksi tangu asubuhi?" mama akauliza.

"Mama, unisamehe. Kibaraza cha marehemu kiko kombo."

Mama akaweka kikombe chini. "Cha marehemu? Yule hata mwiko wa saruji hakujua kuushika! Nilijenga mimi, nina mimba ya mkeo, yeye kalala kwenye kochi. Kazi yake kujisifu tu."

"Basi umekipinda wewe, mama." Mdomo ulishamponyoka.

Mama akamtazama. Kisha akachukua simu, akampigia dada yake.

"Njoo uone vituko! Wale wakwe wengine wawili wamekisifu miaka yote. Leo huyu mwanangu ananiambia usoni nilijenga kombo!"

Milimita akainamia kadibodi, akajifanya anapima. Machozi yalimjaa, hakuona alama hata moja.