Mvumo wa Fundi Abdulrahmani

Fundi Abdulrahmani wa Lindi alirudi kutoka jeshini mwaka arobaini na sita akiwa na bisibisi mbili na majivuno ya kutosha mji mzima. Alitengeneza redio na vipaza sauti, na sikatai, mkono alikuwa nao. Kilichomshinda ni kumsikiliza mtu. Ukimuuliza jambo atakutazama kama umemletea mbuzi mgonjwa.

Mwaka mmoja tulimpelekea mashine ya kipaza sauti kwa ajili ya Maulidi ya Mingoyo, nje ya mji. Shehe Mfaume, aliyetusomesha Kurani karibu sote, alikuwa ametoka hospitali na sauti imebaki kidogo mno. Alitaka asome mara moja tu, asikike mpaka kwa wanawake nyuma. Lakini mashine ilivuma, ikameza kila neno.

Abdulrahmani aliwacheka mafundi wanaoua mvumo kwa kurundika kapasita kubwakubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, mpaka taa ya mashine inaungua. Yeye aliichukua koili ya chuma inayotuliza umeme, akaifungia kapasita ndogo ubavuni, akajaribu hii na ile siku tatu, hadi ikalingana na mapigo ya umeme, yanayofuata mwendo wa injini inayouzalisha, na mvumo ukapotea. Umeme wa mjini, lakini. Likwata, mwendesha injini ya shamba la mkonge tuliyoitegemea kwa umeme wa Maulidi, alimwambia kwa adabu, "Fundi, injini yangu inakwenda polepole kuliko ya mjini. Hesabu yako haitaharibika?"

"Kazi yako kumimina mafuta," akajibiwa. "Mimina."

Alasiri ya Maulidi mashine ikavuma vilevile. Midomo ya Shehe ilicheza, hatukusikia kitu. Bingwa wetu akazungusha kila kinachozungushika, akalaumu waya, akalaumu hata unyevu. Likwata akaenda bandani kwenye injini, akausukuma mkono wa kuongezea mafuta taratibu, mimi nimesimama mlangoni nikimpungia: ongeza, ongeza, basi. Mvumo ukafa. Sauti ya Shehe ikatoka, nyembamba, kila herufi mahali pake. Wanawake wakalia.

Mkono ule ulikuwa umelegea, ukiuachia unarudi. Likwata akaushika saa nzima katikati ya kelele za injini, wala hakumsikia Shehe, mwalimu wake, hata neno moja.

Mwisho wa dua Shehe akamwombea heri fundi aliyempa sauti. Abdulrahmani akainamisha kichwa, akaitikia amina. Na mimi niliyejua, nikaitikia pia.